Nyuzi na radiani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi wa sekondari, wa mzazi anayesumbuliwa na kazi za nyumbani za mwanawe, na wa mwandishi wa programu ambaye mchoro wake umegeukia upande asioutaka. Huna haja ya kusoma yote, ruka hadi kwenye swali lako. Ila ukiweza, anza na la kwanza, maana mengi yanayofuata yanaliegemea hilo.

Radiani ni nini hasa?

Chukua mfuniko wa sufuria na kipande cha uzi. Pima uzi kuanzia katikati ya mfuniko hadi ukingoni, kisha ukate hapo. Huo ndio nusukipenyo. Sasa ulaze uzi huohuo juu ya ukingo, ukifuata mpindo wake, na uweke alama unapoanzia na unapoishia. Chora mistari miwili kutoka kitovu cha mfuniko hadi kwenye alama hizo. Pembe iliyo kati ya mistari hiyo ni radiani 1.

Endelea kuulaza uzi kuzunguka ukingo wote. Utaenea mara sita, na nafasi itakayobaki itazidi kidogo robo ya uzi. Idadi hiyo, 6.28 na kitu, ndiyo 2π. Chukua mfuniko wa sufuria ya pilau ya arusini au wa birika la chai, idadi haibadiliki, kwa kuwa nusukipenyo kikiongezeka mzingo nao huongezeka kwa kiasi hichohicho.

Radiani basi ni urefu wa tao uliogawanywa kwa nusukipenyo. Nyuzi, yaani digrii, ni jambo jingine: watu walikubaliana tu kwamba duara zima ligawanywe sehemu 360. Wangeweza kukubaliana 100 au 500. Radiani haikuhitaji makubaliano ya namna hiyo, imo ndani ya duara lenyewe.

Nipe kanuni fupi kabisa ya kubadili.

Nyuzi 180 ni sawa na radiani π. Kila kitu kinatoka hapo.

Kutoka nyuzi kwenda radiani: zidisha kwa π, gawanya kwa 180.
Kutoka radiani kwenda nyuzi: zidisha kwa 180, gawanya kwa π.

Mfano, nyuzi 150: 150 × π ÷ 180 = 5π/6. Na radiani 2π/5: zidisha kwa 180 upate 360π/5, gawanya kwa π, inabaki nyuzi 72.

Mimi huwa nachanganya ipi iwe juu, π au 180. Nifanyeje?

Acha kukariri, kagua ukubwa wa jibu. Radiani 1 ni kama nyuzi 57.3, yaani ni kubwa. Nyuzi 1 ni kama radiani 0.01745, yaani ni ndogo sana. Kwa hiyo pembe ileile ikiandikwa kwa radiani lazima namba yake iwe ndogo kuliko ya nyuzi. Ukibadili nyuzi 40 ukapata 2,292, umegeuza kanuni juu chini. Jibu la kweli ni 0.698.

Njia nyingine, ambayo wengi huiona salama zaidi, ni ya uwiano. Jiulize: pembe hii ni sehemu gani ya nusu duara? Nyuzi 60 ni theluthi ya 180, basi ni theluthi ya π, yaani π/3. Nyuzi 45 ni robo, basi π/4. Kwa pembe za kawaida hutahitaji hata karatasi.

Kwa hiyo π ni 180?

Hapana. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote, na linaeleweka kabisa, maana darasani tunasema haraka-haraka «weka 180 mahali pa π» na mwanafunzi anaondoka na hilo kichwani.

π ni namba: 3.14159 na kuendelea. Ilikuwa hivyo kabla ya mtihani na itabaki hivyo baada yake. Kinacholingana ni *radiani* π na *nyuzi* 180, kama vile kilomita 1 inavyolingana na mita 1,000 bila namba 1 kuwa sawa na 1,000.

Madhara ya kosa hili huonekana sehemu mbili. Ya kwanza ni kwenye eneo la duara: mwanafunzi aliyezoea kuweka 180 anakokotoa eneo la duara la nusukipenyo sm 7 na kupata sm za mraba 8,820, badala ya 154. Ya pili ni pale pembe inapotolewa bila π. Akiulizwa kubadili radiani 2 kuwa nyuzi, anatafuta π haioni, anakwama au anaandika nyuzi 2. Radiani 2 ni pembe halali kabisa: 2 × 180 ÷ π = nyuzi 114.6. Pembe yoyote inaweza kuandikwa kwa radiani bila π. Tunaibakiza π kwenye jibu kwa sababu pembe tunazozipenda, za 30, 45, 60 na 90, zinatoka kama sehemu safi zake.

Jibu la kitabu ni 2π/3, kikokotoo changu kinaonyesha 2.094. Nimekosa?

Hujakosa. 2π/3 ndiyo 2.0944 ukiikadiria. Swali likisema acha jibu kwa π, andika 2π/3. Likisema desimali mbili, andika 2.09. Lisiposema chochote, mimi ningeacha π, kwa sababu hilo ndilo jibu kamili na lile la desimali ni kadirio.

Nitumie 22/7 au 3.142?

Fuata maelekezo ya swali. Tofauti ni ndogo: 22/7 ni 3.142857, imezidi π kwa takribani sehemu nne kati ya elfu kumi. Ukitumia 22/7, radiani 1 inakuwa nyuzi 57.27, na thamani halisi ni 57.2958. Lakini usitumie mojawapo pale ambapo π itajifuta yenyewe. Kubadili 7π/9 kuwa nyuzi hakuhitaji thamani ya π hata kidogo: 7 × 180 ÷ 9 = 140.

Pembe zipi nizishike kichwani?

Chache: nyuzi 30 ni π/6, 45 ni π/4, 60 ni π/3, 90 ni π/2, 180 ni π, 270 ni 3π/2 na 360 ni 2π. Nyingine zijenge kutokana na hizi. Nyuzi 75 ni 30 na 45, kwa hiyo π/6 + π/4 = 5π/12. Nyuzi 210 ni mara saba ya 30, basi 7π/6.

Pembe ikiwa na dakika na sekunde?

Nyuzi moja ina dakika 60, dakika moja ina sekunde 60. Kabla ya kubadili kwenda radiani, igeuze yote iwe desimali. Nyuzi 37 na dakika 24: 24 ÷ 60 = 0.4, hivyo ni nyuzi 37.4. Zidisha kwa π, gawanya kwa 180, unapata radiani 0.6528.

Kurudi nyuma ndiko kwenye mtego. Radiani 0.8 ni nyuzi 45.8366. Wapo wanaoandika nyuzi 45 na dakika 83, nao wangesita kama wangekumbuka kwamba dakika haziwezi kufika hata 60. Chukua 0.8366, zidisha kwa 60, unapata dakika 50.2. Chukua tena ile 0.2 (kwa usahihi zaidi 0.197), zidisha kwa 60, unapata sekunde 12. Jibu ni nyuzi 45, dakika 50, sekunde 12.

Kikokotoo kinasema saini (sin) ya 30 ni −0.988. Kimeharibika?

Ni kizima. Kimesoma 30 kama radiani 30, ambazo ni karibu mizunguko minne na robo tatu, na saini yake kweli ni −0.988. Angalia juu ya kioo: herufi D ni nyuzi, R ni radiani, G ni kipimo cha tatu ambacho nitakigusa chini. Kwenye Casio fx-82MS bonyeza MODE mara mbili, kisha 1 kwa nyuzi au 2 kwa radiani. Kwenye fx-991ES bonyeza SHIFT, MODE, halafu 3 kwa nyuzi au 4 kwa radiani.

Kabla ya mtihani, na hasa kama kikokotoo umeazima, piga saini ya 30. Ikija 0.5 uko kwenye nyuzi. Ikija −0.988 uko kwenye radiani. Ikija 0.454 uko kwenye G.

Hiyo G ni nini?

Ni gradi. Duara zima ni gradi 400 na pembe mraba ni gradi 100. Ilitokana na Wafaransa, enzi za mapinduzi yao, walipotaka kila kipimo kiende kwa makumi. Wapima ardhi katika baadhi ya nchi za Ulaya waliitumia kwa muda mrefu. Huku kwetu hukutana nayo mtu aliyebonyeza kitufe kisicho chake.

Kwa nini tusibaki na nyuzi tu? Zimetutosha tangu darasa la tano.

Kwa kupima kona ya ukuta au mwinuko wa paa, zinatosha, na hakuna fundi atakayekuomba radiani. Radiani inaanza kulipa pale pembe inapokutana na urefu.

Urefu wa tao kwa radiani ni nusukipenyo mara pembe, basi. Kwa nyuzi ni pembe mara π mara nusukipenyo, gawanya kwa 180. Eneo la sekta kwa radiani ni nusu ya nusukipenyo cha mraba mara pembe. Kwa nyuzi kuna 360 na π vya kukumbuka tena.

Mwendo wa mzunguko ni hivyohivyo. Gurudumu la baiskeli lenye nusukipenyo cha mita 0.35 likizunguka mara 100 kwa dakika, kila mzunguko ni radiani 2π, kwa hiyo ni radiani 10.47 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.35: mita 3.67 kwa sekunde, kama kilomita 13 kwa saa. Jaribu kulifanya hilo kwa nyuzi uone utakavyolazimika kuirudisha π kwa mlango wa nyuma.

Halafu kuna kalkulasi. Mnyambuo wa saini x, yaani kasi ya saini kubadilika x inapobadilika, ni kosaini x iwapo tu x iko kwa radiani. Ukitumia nyuzi, kila unaponyambua inajitokeza π/180 ya ziada, na ukinyambua mara mbili zinakuwa mbili. Sababu ni kwamba kwa pembe ndogo, saini ya pembe na pembe yenyewe kwa radiani zinakaribiana sana. Nyuzi 5 ni radiani 0.08727, na saini yake ni 0.08716. Nyuzi haziwezi kukupa ukaribu huo, 5 na 0.08716 hazina udugu wowote. Mwanafizikia anayekokotoa mbembeo wa pendulamu anautegemea ukaribu huo.

Nipe mfano mmoja wa kweli, si wa kwenye zoezi.

Unguja mjini iko latitudo nyuzi 6.16 kusini, Makka iko nyuzi 21.42 kaskazini. Bahati nzuri, longitudo zao karibu zinalingana: 39.2 na 39.8 mashariki. Kwa hiyo tunaweza kuichukulia safari kama tao moja juu ya meridiani ileile. Ikweta iko katikati yao, hivyo tunajumlisha latitudo: 6.16 + 21.42 = nyuzi 27.58. Kwa radiani ni 0.4814. Nusukipenyo cha Dunia ni kama km 6,370. Zidisha: kama km 3,070 kwa njia ya moja kwa moja. Ndiyo hesabu ileile ya mada ya Dunia kama tufe.

Tukiwa hapo, mabaharia nao wana mkato wao. Dakika 1 ya latitudo ni takribani maili 1 ya baharini, ambayo leo imewekwa rasmi kuwa mita 1,852. Nyuzi 27.58 ni dakika 1,655, hivyo maili kama 1,655 za baharini. Nahodha hapo hajabadili chochote kwenda radiani, kwa kuwa kipimo chake cha urefu kilitolewa kwenye pembe tangu mwanzo.

Naandika programu. Nyuzi zinaingilia wapi?

Karibu lugha zote za programu, Python na JavaScript zikiwemo, zinasubiri radiani kwenye saini, kosaini na tanjenti, na zinarudisha radiani kwenye kinyume chake. Python ina math.radians() na math.degrees() za kubadili. Excel ina RADIANS() na DEGREES(), hivyo saini ya nyuzi zilizo kwenye seli A1 ni =SIN(RADIANS(A1)). JavaScript haina kitendo cha namna hiyo, andika mwenyewe: nyuzi * Math.PI / 180.

Kosa baya ni lile lisiloonekana. Tuseme unatengeneza programu ya simu ya kuonyesha kibla. Hesabu inakupa pembe kutoka kaskazini, kwa radiani, nawe unasahau kuibadili unapoionyesha. Ukiijaribu Unguja, jibu linatoka 0.022. Unalisoma kama nyuzi 0.022, yaani kaskazini kabisa, na jibu la kweli ni nyuzi 1.26 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Mshale wa simu unaonekana sawa, unaridhika. Kisha ndugu yako aliyeko Maskati anaifungua. Huko kibla iko karibu magharibi moja kwa moja, lakini hesabu inatoa −1.63 na mshale wake unaelekea kaskazini. Radiani −1.63 zilikuwa nyuzi −93.6, hakuna aliyezigeuza. Ndiyo maana programu ya pembe usiijaribu mahali pamoja tu, hasa mahali ambapo jibu ni karibu na sifuri.

Pembe hasi, au inayozidi duara zima, inabadilishwaje?

Kwa kanuni ileile, bila kugusa alama. −3π/4 ni nyuzi −135. 13π/6 ni nyuzi 390. Ukitaka kujua mkono wa pembe utaangukia wapi, ongeza au punguza 360 (au 2π) hadi ubaki ndani ya duara moja: −135 inakuwa 225, na 390 inakuwa 30. Usiipunguze kama swali linahusu mzunguko halisi, kwani injini iliyozunguka nyuzi 390 imefanya kazi kubwa kuliko iliyozunguka 30.

Na mishale ya saa?

Mshale wa dakika unatembea nyuzi 6 kwa dakika, yaani radiani π/30. Wa saa unatembea nyuzi 30 kwa saa, yaani π/6. Saa tatu kamili asubuhi pembe kati yao ni nyuzi 90, na hapa msomaji makini atauliza: saa tatu ya nani? Mshale si unaonyesha 9? Pembe ni 90 vilevile, kwa upande mwingine. Saa zetu na za Kizungu zinapishana kwa saa sita, ambazo kwenye uso wa saa ni nusu duara. Tumeachana nao kwa radiani π kamili.

Angalia tu saa tatu na nusu. Mshale wa saa haubaki palepale, umeshasogea nyuzi 15. Kwa mshale ulioko kati ya 9 na 10, na wa dakika ukiwa kwenye 6, pembe ni nyuzi 105, yaani 7π/12.

Wakati mwingine naona «rad», wakati mwingine namba tupu. Ipi sahihi?

Zote. Radiani ni urefu kugawanya kwa urefu, vipimo vinajifuta, inabaki namba. Pembe ikiandikwa bila alama yoyote, ichukulie ni radiani. Alama ya nyuzi, kile kiduara kidogo, haiachwi kamwe. Saini ya 2 na saini ya 2° ni namba mbili tofauti: 0.909 na 0.035.

Nani alituletea haya?

Wababeli walihesabu kwa sitini-sitini, na 360 ni sitini mara sita. Pia ni namba inayogawanyika kirahisi: ina vigawo 24, na ndiyo maana theluthi, robo, sudusi na thumni za duara zote zinatoka namba nzima.

Wazo la kupima pembe kwa urefu wa tao ni la zamani kuliko jina lake. Al-Kashi, mwanahisabati wa Samarkand, mwaka 1424 alikokotoa 2π hadi desimali 16. Mwingereza Roger Cotes, mwanzoni mwa karne ya 18, alishaelewa kwamba kipimo hiki ndicho cha asili kwa pembe. Jina lenyewe lilichapishwa mara ya kwanza tarehe 5 Juni 1873, huko Belfast, kwenye maswali yaliyotungwa na James Thomson, kaka yake mwanafizikia Lord Kelvin. Naam, lilianzia kwenye karatasi ya mtihani. Wanaolilalamikia wana hoja.

Naweza kupata maswali ya kujipima?

Badili kuwa radiani kwa π: nyuzi 22 na dakika 30, nyuzi 240. Badili kuwa nyuzi: 11π/12, radiani 3. Kisha tafuta eneo la sekta ya nyuzi 40 kwenye duara la nusukipenyo sm 6.

Majibu: π/8, 4π/3, nyuzi 165, nyuzi 171.9, na sm za mraba 4π, kama 12.57. Kama kwenye la mwisho umepata 720, umeiweka 40 kwenye kanuni ya radiani bila kuibadili.